Handuki, Moja

Wening alifika Makongeni mwezi wa Julai,
baridi imetuvalisha sweta hadi jikoni.
Mpangaji wa wiki mbili, chumba cha marehemu mama.
Huzunguka dunia akipiga picha stesheni kuukuu,
maana babu yake aliendesha garimoshi kule Semarang
na hakuacha urithi ila filimbi na kikohozi.

Asubuhi ya kwanza akaniomba handuk.
Nikampa ndoo.
Akacheka, akajifuta uso kwa hewa.
Kumbe taulo!
"Handuk ni la Waholanzi," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni,
"walipoondoka waliliacha bafuni."
Nikalitazama langu msumarini, limechakaa pindoni.
Waingereza nao hawajarudi kudai lao.

Basi tukaanza, kama watoto na vifuniko vya soda:
ofisi yangu, kantor yake,
breki yangu, rem yake,
karoti wortel, tikiti karcis.
Bomba la moshi la gari, knalpot! Akalitamka
na paka wa Mama Khavere akaruka dirishani.
Mengine hayakutaka mkalimani.
Meza ikawa meja, chai ikiwa juu yake.
Bendera ikabaki bendera.

Akanionyesha picha: jumba la reli la Waholanzi,
lina milango mingi hata watu wameliita Elfu.
Siku hizi unalipa kiingilio.
Maharusi wanapigwa picha kwenye ngazi,
watalii wanasimuliwa mizimu ya chini.
"Babu alijua mlango mmoja," akasema,
"wa nyuma, mwisho wa mwezi."
Nikamwambia baba yangu alitandika mataruma miaka ishirini na sita
na saa ya stesheni aliisoma kwa mbali,
kofia mkononi.
Tukanyamaza. Chai ikaota utando.

Jumamosi usiku akabisha mlangoni pangu:
"Kesho naomba unipeleke gereja."
Nikakaa kitandani.
Nani alimwambia?
Habari za Musembi sikuwa nimezitoa nje ya nyumba hii,
mdogo wangu, mwezi wa nne rumande, Industrial Area,
kwa nyaya za shaba ambazo hata hakuziuza yeye.
"Saa ngapi wanafungua?" akauliza. "Kuna kwaya?"

Kwaya!
Nilicheka mpaka machozi yakabadili sababu.
Mreno mmoja, zamani, aliangusha neno lilelile pwani mbili:
kwao likaota msalaba, kwetu likaota vyuma.
Nikamweleza. Hakucheka.
Akauliza Musembi anakula nini.

Kwa hiyo Jumapili tulikwenda kotekote.
Misa ya kwanza alisali kwa lugha yake, midomo tu,
mimi nikihesabu nauli.
Kisha tukafuata reli kwa miguu,
yeye akiruka taruma hadi taruma,
mimi nikikanyaga kokoto, sijui kwa nini,
labda kwa adabu kwa mzee.

Getini foleni ya wanawake na mifuko yao.
Sabuni ikakatwa vipande vitatu. Mkate ukachomwa sindano.
Musembi alikuwa ameagiza kitu cha kujifutia,
cha kwake kimeibwa,
hata humo mtu huibiwa.
Wening alikuwa ametoa chake, cha bluu, kipya,
kimekunjwa kama barua.

Askari akakikung'uta, akakigeuza,
akafungua daftari kubwa la mistari.
"Hii ni nini?"
Nilikuwa bado natafuta kitambulisho.
"Handuk," Wening akajibu,
kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake.

Askari akamtazama. Akanitazama.
Foleni nyuma ilikuwa ndefu na manyunyu yameanza.
Akalowesha ncha ya kalamu ulimini,
akaandika kama masikio yalivyompa:

handuki, moja.